UKIWA UGENINI, NANI ATAKUSHIKA MKONO?

Soma katika Biblia: Mathayo 2:13-23, Waebrania 11:32-40, Warumi 8:31-39

Kijana mpendwa, karatasi hii imefika mkononi mwako. Usiitupe, wala usiifungie karanga. Isome kwanza mpaka mwisho. Hatukuulizi dini yako wala kabila lako. Tunakuuliza swali moja tu: siku utakapokuwa mbali na kwenu, hujui mtu, na mambo yamekaza, nani atakushika mkono?

Vijana wengi wanasema, "Nikipata tu nafasi, naondoka." Mmoja anawaza Nairobi au Dar es Salaam, mwingine Uarabuni, mwingine Ulaya na Marekani. Kuondoka si dhambi. Lakini ugenini si nyumbani. Ugenini hakuna shangazi wa kumgongea mlango usiku wa manane mtoto akishikwa na homa. Hakuna babu wa kuamua ugomvi. Hata lugha ya kumwelezea daktari huna! Na aliye na watoto wadogo mzigo wake ni mara mbili. Waulize familia za Wakongo zilizolea watoto katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu mwaka 1996. Watakuambia ugeni ni nini.

Leo tujifunze kwa familia mbili zilizomtegemea Mungu zikiwa nchi ya kigeni na watoto wachanga. Katika familia ya kwanza mtoto alinusurika. Katika familia ya pili mtoto alikufa. Na Mungu wao alikuwa mmoja! Sasa hapo ndipo penye somo letu.

1. FAMILIA YA KWANZA: YUSUFU NA MARIAMU HUKO MISRI

Watu wengi wanajua habari za Yesu kuzaliwa Bethlehemu. Kila Desemba wanaimba. Lakini hawajui kwamba muda si mrefu baadaye mtoto yule alikuwa mkimbizi.

Mfalme Herode alisikia kwamba amezaliwa mfalme mwingine, akaingiwa na wivu, akapanga kumwua. Malaika akamtokea Yusufu katika ndoto, akamwonya amchukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri. Yusufu hakungoja kupambazuke. Hakusema, "Mimi ni mtu wa imani, nitalala hapa hapa, Mungu atanilinda." Biblia inaonyesha aliondoka usiku ule ule.

Hebu jiweke mahali pake. Wewe ni fundi seremala. Una mke kijana na mtoto mdogo. Unaingia nchi ambayo wakubwa wake waliwahi kuwafanya babu zako watumwa. Utalala wapi? Utapata kazi kwa nani? Kweli, Wayahudi walikuwepo Misri wakati huo, na katika mji wa Alexandria walikuwa wengi sana. Lakini ndugu wa kabila si ndugu wa tumbo.

Hata hivyo Mungu alikuwa ametangulia. Kabla ya safari, wageni kutoka mashariki walikuwa wameleta dhahabu, uvumba na manemane. Biblia haisemi zilitumikaje, lakini maskini anayekimbia na mtoto anajua thamani ya dhahabu mfukoni! Baadaye Herode akafa, wakarudi. Yusufu aliposikia kwamba Arkelao, mwana wa Herode, anatawala Uyahudi, akaogopa, na baada ya kuonywa tena katika ndoto akaenda kukaa Nazareti ya Galilaya. Unaona? Alikuwa na imani, na bado aliogopa. Kuogopa si kukosa imani. Jambo ni je, ukiogopa unamkimbilia nani?

Haleluya, mtoto alinusurika! Lakini usifunge Biblia haraka. Sura hiyo hiyo inasema watoto wengine wa Bethlehemu waliuawa, na mama zao wakalia wasifarijike. Biblia haifichi machozi ya watu.

2. FAMILIA YA PILI: KRAPF NA ROSINE HUKO MOMBASA

Sasa tuje pwani yetu wenyewe. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani, mmisionari wa chama cha CMS cha Uingereza. Alimwoa Rosine Dietrich mwaka 1842 huko Misri, wakaenda kuhubiri Ethiopia. Mwaka 1843, wakiwa safarini jangwani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto hakukaa. Wakampa jina Eneba, maana yake chozi kwa lugha ya Kiamhari, wakamzika njiani chini ya mti.

Mtu mwingine angesema, "Basi, turudi kwetu." Wao hawakurudi. Njia ya Ethiopia ilipofungwa, wakaja Unguja mwanzoni mwa mwaka 1844. Sultani Seyyid Said akawapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha, na mwezi Mei wakawa wamehamia Mombasa. Mwezi Juni Krapf alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena.

Julai ikafika, na homa ikafika. Siku hizi tunajua malaria inaletwa na mbu. Ronald Ross alilithibitisha jambo la mbu mwaka 1897. Mwaka 1844 hakuna aliyejua. Krapf aliumwa, na Rosine aliumwa. Katika hali hiyo akazaliwa mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine akafariki. Siku chache tu baadaye na mtoto akamfuata.

Fikiria, kijana. Mwanamume yuko peke yake, mgonjwa, nchi ya watu. Ndani ya miaka miwili amezika watoto wawili na mke. Hakuna mama mkwe wa kulia naye. Rosine alikuwa ameomba azikwe upande wa bara, sio kisiwani, ili wapita njia wakiona kaburi lake wakumbuke kilichomleta. Kaburi hilo lipo mpaka leo upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Krapf akawaandikia waliomtuma. Unadhani aliomba nauli ya kurudi? Hapana! Aliwaambia kwamba sasa pwani hii kuna kaburi la mmisionari, na hilo ni dalili kuwa kazi imeanza. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann akaja, wakafungua kituo Rabai. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kumpokea Yesu hapo alikuwa mtu mwenye ulemavu, jina lake Mringe. Mwaka 1850 Krapf alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882. Mwenyewe alikuwa ameshafariki Novemba 1881 huko Ujerumani. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sisi hatusemi kamusi ile ni malipo ya watoto wale. Hakuna kitabu kinachoweza kumlipa mzazi mtoto wake. Tunachosema ni hiki: mtu yule alizika kila alichokuwa nacho, na miaka 37 baadaye bado alikuwa anaongea na Mungu yule yule. Je, mtu huongea maisha yake yote na mtu asiyekuwepo?

3. SASA MUNGU ALIKUWA WAPI?

Hili ndilo swali lako, sivyo? Wengi wenu mliacha kwenda kanisani kwa sababu ya swali hili. Mama aliombewa akafa. Mdogo wako aliombewa akafa. Halafu mtu akakuambia, "Hamkuwa na imani." Ukaumia, ukaondoka.

Sisi tunaamini Mungu anaponya. Katika mkutano huu wagonjwa wanaombewa, na tunamwamini Mungu kwa miujiza. Lakini aliyekuambia kwamba kila anayekufa amekosa imani hakusoma Waebrania 11 mpaka mwisho. Katika mstari mmoja tu, wa 35, kuna wanawake waliorudishiwa wafu wao wakiwa hai, na kuna watu walioteswa mpaka kufa. Wote wanasifiwa kwa imani! Rosine hakukosa imani. Mama zao watoto wa Bethlehemu hawakulaaniwa.

Sasa sikiliza sana hapa. Yule mtoto aliyeokolewa na upanga wa Herode, mwisho wake ulikuwa nini? Alirudi kutoka Misri, akakua, na alipokuwa na umri kama wa miaka thelathini na kitu, akasulubiwa nje ya Yerusalemu. Safari hii hakuna malaika aliyekuja usiku kumtorosha. Mungu hakumficha Misri ili asife kamwe. Alimficha ili asife kabla ya wakati wake, kwa sababu alikuja kufa kwa ajili yako wewe.

Kwa hiyo Mungu tunayemhubiri si Mungu anayeangalia makaburi kwa mbali. Yeye naye alimwona Mwana wake akifa. Na siku ya tatu akamfufua! Ndiyo maana Paulo katika Warumi 8 anauliza: ikiwa Mungu hakumwonea choyo hata Mwana wake, atashindwaje kutupa mengine yote? Kisha anataja dhiki, njaa, hatari na mauti, akisema hakuna hata kimoja kinachoweza kututenga na pendo lake. Hakusema havitakuja. Alisema havitatutenga.

4. KUMTEGEMEA MUNGU NI NINI BASI?

(a) Si kuacha kutumia akili. Yusufu alionywa, akafunga mizigo. Wewe una chandarua, kitumie. Mtoto ana homa, mpeleke hospitali huku unaomba. Unataka kwenda ng'ambo kufanya kazi, hakikisha mkataba wako kabla hujapanda ndege. Mungu aliyempa Yusufu ndoto ndiye aliyekupa wewe macho.

(b) Si biashara. Wengine wanamwendea Mungu kama duka: "Nikupe sadaka, unipe viza." Viza ikikataliwa, wokovu umekwisha! Huyo hakumtegemea Mungu, alitegemea viza.

(c) Ni kumshika mtu. Mtoto mdogo akivuka barabara na baba yake hajui magari yanatoka wapi. Anajua tu mkono alioushika. Yesu aliahidi wanafunzi wake kwamba hatawaacha yatima, akawapa Roho Mtakatifu akae ndani yao. Roho huyo haombi pasipoti. Yuko Muscat, yuko London, yuko Nyarugusu, yuko hapa uwanjani.

(d) Ni kujua kwamba nyumbani kwenyewe bado. Watu wa imani wa Waebrania 11 walikubali kuwa ni wasafiri duniani, wakitazamia mji uliotengenezwa na Mungu. Hata asiyetoka kijijini kwao ni mgeni hapa duniani.

5. NA WEWE JE?

Labda tayari uko ugenini. Umekuja mjini kutafuta maisha, na nyumbani wanadhani mambo ni mazuri. Labda baba au mama yako ndiye aliyeondoka, ukalelewa na bibi. Au una mtoto mchanga na umeachwa peke yako. Mungu anakujua, bwana! Mwana wake aliwahi kubebwa mgongoni akikimbizwa usiku kama mtoto wako.

Lakini lazima tukuambie ukweli wote. Ugeni mbaya kuliko wote si kuwa mbali na kwenu. Ni kuwa mbali na Mungu kwa sababu ya dhambi. Pombe, bangi, uasherati, wizi na uongo haviwezi kukushika mkono. Vinakusindikiza mpaka matatizoni halafu vinakukimbia. Yesu alilipa deni la dhambi hizo msalabani. Anakuita leo, usingoje kupambazuke.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Nikipata shida usiku huu, mtu wa kwanza ninayemkimbilia ni nani?
2. Ninamtaka Mungu mwenyewe, au nataka tu vitu vyake?
3. Nikifa leo nikiwa mbali na kwetu, nitafika wapi?

KAMA UNATAKA KUMPOKEA YESU, OMBA HIVI KWA MOYO WAKO

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi, nimekaa mbali na wewe. Ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nisamehe na kuniosha kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wa maisha yangu. Nijaze Roho wako. Nikiwa nyumbani au ugenini, nikicheka au nikilia, nishike mkono. Mimi ni wako kuanzia leo. Amina."

UKISHAOMBA

Mwambie mtu leo hii kwamba umeokoka. Njoo mbele mkutanoni, wahudumu watakuombea. Tafuta kanisa linalohubiri neno la Mungu, na ukihamia mji mwingine, tafuta kanisa kabla ya kutafuta marafiki. Anza kusoma Injili ya Mathayo, sura moja kila siku. Na karatasi hii usiitupe. Mpe mwenzako anayetaka kusafiri.

MUNGU AKUBARIKI!