Cherero wakianza kelele za ghafla, tafuta chanzo kabla ya kuwanyamazisha

Mvua za vuli zinapokaribia, wafugaji wa cherero, wale kasuku wadogo wenye mdomo mwekundu, hulalamika kwamba ndege wao wamegeuka ghafla. Juzi walikuwa wapole, leo wanapiga kelele tangu alfajiri, wanauma vidole na hawataki mkono uingie tunduni. Wapo wanaowafunika kwa kitambaa mchana kutwa, na wapo wanaoligonga tundu kwa kijiti ili wanyamaze. Njia zote mbili huwaongezea hofu na kelele. Cherero hana ukorofi wa bure. Kuna jambo limebadilika mwilini mwake au pale anapoishi, na kazi ya mfugaji ni kulitafuta.

Kelele za kawaida
Cherero wa Fischer kwao ni kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Porini huishi kwa makundi na huitana muda wote ili wasipoteane. Kwa hiyo kelele za macheo na za jioni kabla ya kulala ni desturi yao, wala zisikupe wasiwasi. Zinazohitaji uchunguzi ni zile zilizoanza ghafla, zinazodumu mchana kutwa, au zinazozuka usiku wa manane.

Wanataka kutaga
Hiki ndicho chanzo ninachokutana nacho zaidi. Chakula kikiwa kingi, mwanga ukiwa mrefu na pakiwa na kona yenye giza, ndege hupata hamu ya kuzaliana. Mtazame jike: hushika karatasi au kuti, akaling'ata ukingoni kidogo kidogo kwa mstari ulionyooka, kisha akachana kipande chembamba na kukibeba mdomoni hadi kwenye kona aliyoichagua. Ukimwona anafanya hivyo, elewa kwamba anajenga, na yeyote atakayeisogelea kona hiyo ataumwa.

Kama unataka makinda, wape sanduku la kutagia na uwaache watulie. Jike huatamia kwa takriban siku 23, na makinda hutoka kiotani wakiwa na wiki sita hivi. Mpe madini ya chokaa: mfupa wa ngisi, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Kama hutaki makinda, ondoa sanduku na kila kitu chenye umbo la pango, punguza alizeti, na uhakikishe ndege wanapata saa 10 hadi 12 za giza na utulivu kila usiku.

Kitu kinawatisha
Kelele za usiku pamoja na mabawa yanayopigapiga nyavu ni dalili ya hofu. Chukua tochi ukaangalie. Mvua huwatoa siafu ardhini, na siafu wakiingia tunduni ndege hana pa kukimbilia. Weka miguu ya meza ya tundu ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo, na uhakikishe hakuna tawi wala kamba inayogusa tundu. Kagua pia panya, nyoka na paka. Mchana, tazama kama kunguru wanatua karibu. Taa ndogo hafifu usiku huwasaidia ndege wanaoshtuka mara kwa mara.

Mwenzake ameondoka
Cherero hushikamana sana na mwenzi wake. Mmoja akifa au akiuzwa, aliyebaki huweza kuita kutwa nzima. Usimwingizie mgeni papo hapo. Mgeni akae mbali kwa angalau siku 30 ili uone kama ana ugonjwa, kisha matundu yawekwe jirani mpaka wazoeane. Majike wawili katika tundu dogo wanaweza kuumizana vibaya.

Sumu za msimu
Msimu wa kupanda una hatari yake. Mbegu za mahindi au mtama zilizobaki baada ya kupanda mara nyingi huwa zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Usiwape ndege hata punje moja. Usipulize dawa ya mbu chumba walimo, na uwaweke mbali na moshi wa mkaa. Kikaango kisichoshika chakula kikiungua hutoa mvuke unaoua ndege kwa muda mfupi. Parachichi pia ni sumu kwao.

Ogopa ukimya zaidi ya kelele
Ndege mgonjwa huficha udhaifu wake. Cherero mwenye kelele aliyenyamaza ghafla, akatutumua manyoya na kukaa sakafuni mwa tundu, yuko hatarini zaidi kuliko anayepiga kelele. Mkia unaopanda na kushuka kila anapovuta pumzi, au sauti ya kukoroma kifuani, ni dharura. Jike anayejikamua bila yai kutoka mpeleke mahali penye joto, na amuone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tandika karatasi nyeupe chini ya tundu uone kinyesi chao kila asubuhi. Kinyesi cha kawaida kina sehemu ya kijani au kahawia, sehemu nyeupe na maji kidogo. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni. Cherero wa Fischer mzima huwa na gramu 40 hadi 60 hivi. Akipungua hata gramu tano, usisubiri. Usimpe dawa za kuku kwa kukisia, kwa sababu kipimo cha kuku humzidi ndege wa gramu 50.

La mwisho ni la kisheria. Cherero ni wanyamapori, na Tanzania inawalinda kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Usinunue ndege walionaswa porini, na uulize ofisi ya wanyamapori kuhusu kibali kabla ya kuanza kufuga.

Wiki hii chukua daftari, andika saa kelele zinapoanza, chakula ulichowapa na kilichobadilika nyumbani. Ukienda kwa daktari, nenda na daftari hilo. Litamsaidia kumtibu ndege wako mapema.