Mafuta ya Kupikia: Yapi ni Bora?

Umekwenda dukani, ukaona chupa imeandikwa "Haina kolesteroli". Ukasema, haya ndiyo yenyewe! Subiri kwanza. Kolesteroli, au lehemu, hutoka kwa wanyama, mfano kwenye samli. Mafuta ya mimea karibu yote hayana. Kwa hiyo maneno hayo hayakusaidii kuchagua.

Je, kuna mafuta yasiyonenepesha? Hakuna. Gramu 1 ya mafuta yoyote hutoa kalori 9, wakati gramu 1 ya wanga hutoa 4. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120, yawe ya alizeti au ya nazi.

Tofauti iko wapi basi?

Umewahi kuona mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa wakati wa baridi? Yana mafuta mengi ya aina inayoganda. Aina hii ikizidi mwilini, huongeza lehemu kwenye damu na kuchangia mishipa kuziba. Usiseme hayo ni mambo ya wazee, kwani huanza polepole tangu ujana.

Katika kila gramu 100, aina inayoganda ni takriban:

Nazi: zaidi ya gramu 80
Mawese: gramu 50
Pamba: gramu 26
Karanga: gramu 17 hadi 20
Ufuta: gramu 14
Alizeti: gramu 11

Alizeti ina sifa nyingine: vitamini E kwa wingi.

Lakini usiyadharau mawese. Yale mekundu yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho. Ukiyachemsha mpaka yakapauka, karotini imekwisha.

Unaweza kufanya nini?

Pengine nyumbani anayenunua ni mama, tena mafuta ya kupima. Sawa, lakini ukiwa jikoni:

- Pima kwa kijiko, usimimine tu.
- Usisubiri mafuta yatoe moshi.
- Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, yakawa meusi na mazito, yamwage. Na ukiyaona kwenye karai la chipsi, pita!

Jipime

1. Kwa nini "Haina kolesteroli" kwenye chupa ya alizeti si sifa ya pekee?
2. Nyumbani kwenu mnatumia mafuta gani? Yako nafasi ya ngapi kwenye orodha?
3. Familia ya watu 5 hutumia vijiko 10 kwa siku. Kila mtu anapata kalori ngapi?

(Jibu la 3: kalori 240.)