SOMO: KUMKUMBUKA MWALIMU MSTAAFU



Kijijini kwetu mwalimu akistaafu hapumziki. Anaacha chaki akiwa na miaka 60, na mara tunamfanya katibu wa kikundi na mweka hazina wa mradi wa maji. Anatuandikia barua za kwenda kwa chifu, jioni anafundisha gumbaru. Hakuna anayemlipa. Halafu siku moja anatuaga. Tunachanga, tunaweka hema, tunamsifu mpaka jua linatua. Wiki mbili baadaye mtu anauliza: jamani, kitabu cha kikundi kiko wapi?

Hebu tumwangalie mwalimu mmoja mstaafu ambaye habari zake zinajulikana, Carey Francis. Alizaliwa Uingereza mwaka 1897, akafundisha hesabu Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1928 alikuja Maseno. Mwaka 1940 akahamia Alliance High School, Kikuyu, akawa mwalimu mkuu hadi 1962. Baadhi ya vijana aliowafundisha walikuja kuwa mawaziri wa Kenya huru.

Mtu kama huyo angeweza kurudi kwao akastarehe. Yeye alikwenda Pumwani, Nairobi, mtaa wa watu wa kipato kidogo, akafundisha shule ya sekondari ya huko kama mwalimu wa kawaida tu. Alifundisha mpaka alipofariki mwaka 1966.

Wazee wengi hufanya kazi hadi mwisho, hilo si ajabu. Mimi ninaloliona kubwa ni kwamba alikubali kushuka. Alikabidhi Alliance akiwa hai, na shule ikaendelea bila yeye.

Lakini tusimpake mafuta kupita kiasi. Alikuwa mkali sana, na mambo ya siasa za kudai Uhuru yalimkosanisha na baadhi ya wanafunzi wake. Matangani hayo hatuyasemi. Kikundi kinachotaka kujifunza kitayasema, kwa heshima, kwa sababu mzee wetu naye alikuwa na mazuri yake na magumu yake. Pengine gumu lake lilikuwa hili: hakupenda mtu mwingine ashike kalamu. Na sisi tulifurahi, maana kazi ilikuwa inafanyika!

Hapo ndipo shida inapoanzia. Akifa mtu ambaye sahihi yake iko benki, benki itataka kumbukumbu za mkutano uliomchagua mwingine, na cheti cha usajili wa kikundi. Sasa, kama karatasi hizo zimo sandukuni kwa marehemu, na mjane hajui zipi ni za kikundi na zipi ni za familia, pesa za akina mama zitakaa tu. Nao watoto wa marehemu wataanza kutazamwa vibaya bila kosa.

Basi kwenye mkutano ujao jadilini haya. Nani anakaa karibu na mwalimu wenu akijifunza kuandika kumbukumbu? Je, kijana huyo amewahi kuziandika peke yake, mwalimu akisahihisha tu? Cheti kiko wapi, na ni watu wangapi wanajua? Yale masomo ya gumbaru, nani atayashika mwalimu akiugua mwezi mzima?

Mwalimu mwenyewe awepo. Si vizuri kumjadili mzee akiwa hayupo. Mpeni nafasi azungumze kwanza, na kijana ndiye aandike.