Gego la Mwisho na Ufizi Unaovimba



Ndugu zangu, wengi wetu chuoni tuna kati ya miaka 17 na 25. Huu ndio umri wa kuota magego ya mwisho. Mara nyingi gego la chini hukosa nafasi, likatokeza nusu, na nusu nyingine ikabaki imefunikwa na ufizi. Chini ya kifuniko hicho huingia mabaki ya chakula na vijidudu. Ufizi huvimba, hutoa usaha, mdomo hunuka, na kutafuna huwa taabu.

Sisi husukutua katika kila udhu, na siwaki ni sunna tuipendayo. Lakini maji hupita juu ya kifuniko, na kijiti kilichonyooka hakifiki nyuma vizuri. Ongeza mswaki mdogo, laini, uufikishe nyuma kabisa asubuhi na kabla ya kulala.

Ufizi ukianza kuuma:

1. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya vuguvugu, usukutue mara kadhaa kwa siku, hasa baada ya kula.

2. Meza dawa ya maumivu kwa kipimo chake. Usiweke aspirini juu ya ufizi; huuchoma.

3. Usijinunulie vidonge viwili vitatu vya antibayotiki. Maumivu yanaweza kutulia, lakini kifuniko kipo palepale na uchafu umo ndani. Ugonjwa hurudi, pengine wiki ya mitihani.

Tiba yenyewe iko kwa daktari wa meno. Atasafisha chini ya ufizi, atapiga picha ya eksirei, kisha ataamua kama gego ling'olewe. Hospitali ya Rufaa ya Arua ina idara ya meno.

Usingoje kupambazuke ikiwa mdomo haufunguki, kumeza ni shida, una homa kali, uvimbe unashuka shingoni au unapumua kwa taabu. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Je, ikiwa ni Ramadhani? Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Basi usikatize dozi uliyoandikiwa kwa kuogopa deni la saumu. Saumu italipwa, mwili ni amana, nao tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.