Kupotoka kwa Vipimo: Ukaguzi wa Kifaa cha Kupimia Hewa ya Nyumbani

Chukuliwe mfano wa chumba wanamolala watu sita, madirisha yakiwa yamefungwa usiku kucha. Asubuhi, kifaa kilichotundikwa ukutani kinaonyesha sehemu 1,000 za kabonidioksaidi katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka uliotangulia, chumba hicho hicho, chenye watu wale wale, kilionyesha 1,300. Je, hewa imekuwa bora, au kifaa kimepotoka? Swali hili si dogo. Kabonidioksaidi ya chumbani hutoka hasa katika pumzi za watu. Kwa hiyo wingi wake hutumiwa kukadiria ni kiasi gani cha hewa kimekwisha kupita katika mapafu ya wengine, na pengine kuchukua viini vya maradhi kama kifua kikuu. Mwenye nyumba anayeamini tarakimu ya uongo huacha madirisha yafungwe.

Ndani ya kifaa mna taa ndogo itoayo mionzi ya infraredi. Mionzi hupita katika hewa, kisha hufika kwenye kihisio chenye kichujio kinachoruhusu mawimbi yenye urefu wa karibu mikromita 4.26, ambayo ndiyo hufyonzwa na kabonidioksaidi. Gesi ikizidi, mwanga unaofika hupungua. Udhaifu wa kifaa umo humo humo: hakiwezi kutambua kama mwanga umepungua kwa sababu ya gesi au kwa sababu taa imechakaa. Taa ikichakaa, kifaa husoma zaidi ya ukweli.

Watengenezaji wengi walitafuta dawa iliyo rahisi. Kifaa hukumbuka kipimo cha chini kabisa kilichopatikana katika muda wa kama juma moja, kikadhani kuwa kipimo hicho ni cha hewa ya nje, kisha kikajisawazisha ili kipimo hicho kisomeke 400. Katika ofisi inayobaki tupu kila usiku, dhana hiyo ina maana. Katika chumba kisichokosa watu wala kupata hewa ya nje, dawa hugeuka kuwa ugonjwa. Iwapo hewa ya chumba haishuki kamwe chini ya 700, kifaa kitaipa 700 jina la 400, na 1,300 itasomeka 1,000. Upungufu ni 300 kila mahali, na hakuna taa ya onyo itakayowaka. Hali ya chumba kilichotajwa hapo juu yaweza kuwa hiyo.

Ushahidi hupatikana nje. Kifaa kipelekwe kivulini alasiri, penye upepo, mbali na barabara na moshi, kikae nusu saa. Mtazamaji asimame upande ambao upepo unaelekea, kwani pumzi ya mtu ina karibu sehemu 40,000 za gesi hiyo katika milioni. Vipimo vya Mauna Loa, Hawaii, vilivyoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958, vilianza kwenye 315 hivi. Wastani wa mwaka 2024 ulikuwa karibu 425. Kifaa kinachoonyesha 125 nje kinasema jambo lisilowezekana duniani leo. (Dhana ya 400 yenyewe, kama msomaji alivyokwisha kuona, imepitwa na wakati.) Vipo vifaa visivyoonyesha kamwe chini ya 400, hivyo huficha kosa lao.

Hata hivyo, si kila kipimo cha chini ni dalili ya kupotoka. Kifaa kilichosawazishwa Dar es Salaam, kikipelekwa Nairobi, hukuta kanieneo ya hewa ya kilopaskali 83 hivi badala ya 101. Molekuli katika kila lita ni chache zaidi, na kifaa kisichozingatia jambo hilo husoma kama asilimia 82 ya ukweli: 425 huwa 350. Mwanafunzi atashawishika kuongeza 75 na kumaliza kazi. Lakini 1,300 imekwisha kuwa 1,066; akiongeza 75 anapata 1,141, naye bado ana upungufu wa karibu 160. Kosa hili linataka kuzidishwa, si kujumlishwa.

Kipimo kimoja cha nje hakiwezi kutenganisha makosa haya mawili. Hapana budi kupata cha pili. Maabara ya shule inatosha. Gramu 8.4 za sodiamu haidrojenikaboneti ziyeyushwe katika maji hadi ipatikane lita moja ya myeyusho. Mililita 10 za myeyusho huo, zikichanganywa na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, iliyo zaidi ya kiasi kinachohitajika, ndani ya ndoo ya lita 25 iliyojaa hewa ya nje na kufunikwa barabara, hutoa milimoli moja ya kabonidioksaidi. Pwani, katika nyuzi 25 za Selsiasi, hizo ni mililita 24.5, yaani ongezeko la 980. Kifaa kilicho ndani kikipanda kwa 980, kosa lake ni la kujumlisha tu. Nairobi ongezeko la kweli ni karibu 1,190. Kifaa kisichozingatia kanieneo kitapanda kwa 980 tu.

Kosa likiwa la chumba kisichopitisha hewa, usawazishaji wa kujiendesha uzimwe, na kifaa kisawazishwe nje kwa mkono kila baada ya miezi michache. Wala kisitumiwe kama mlinzi wa jiko la mkaa: kabonimonoksaidi, gesi iuayo, haionekani kabisa kwa kihisio hiki.