Presha ya Dizeli Ikishuka: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Lori kuukuu likianza kulegea mlimani, injekta pampu ndiyo inayohukumiwa kwanza. Hapa Bula Iftin, Garissa, zimefunguliwa pampu nzima, zikapelekwa Nairobi, zikarudi na bili ndefu, na lori likazimika palepale lilipozimikia mwanzo. Kosa lilikuwa kwenye tanki. Nasema na wenye Isuzu, Fuso, Bedford na Mercedes za zamani, zile ambazo pampu ndogo ya kulisha huvuta dizeli tankini na kuisukuma hadi kwenye injekta pampu. Magari mapya ya komonreli yana taratibu zake. Usiyaguse kwa maelezo haya.

FANYA: SOMA DALILI

Muulize dereva lori linafia wapi. Likiondoka Garissa na ng'ombe, likapita Madogo na Bangale vizuri, kisha likaanza kukohoa kwenye mwinuko wa Ukasi, injini inadai dizeli nyingi kuliko inayoifikia. Barabara tambarare huficha ugonjwa huu.

Tazama moshi. Nguvu zikipungua na moshi mweusi ukatanda, dizeli ipo, hewa ndiyo haitoshi. Kagua filta ya hewa, maana vumbi la huku haliisamehe. Nguvu zikipungua bila moshi mweusi, hapo ndipo uanze kushuku mafuta.

Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda na inanuka dizeli, huenda pampu ya kulisha inavuja kwa ndani. Dizeli huifanya oili iwe nyepesi na beringi za krenki hukatika. Usiliwashe tena, hata kwa kulisogeza kivulini.

Fungua kifuniko cha tanki injini ikinguruma. Tundu lake la kupumulia huzibwa na vumbi na matope, tanki likakosa hewa, na pampu ikawa inavuta bila kupata. Ukisikia tanki likifyonza hewa na lori likarudisha nguvu, safisha tundu uondoke.

USIFANYE: USIBADILISHE KITU KABLA YA KUPIMA

Geji ya presha na kiungio cha matawi matatu ni vya bei ndogo kuliko nozo moja. Fundi asiye na geji anakisia kwa pesa zako.

Usipime lori likiwa tupu, limepoa, limesimama. Dizeli baridi ni nzito na huficha pampu iliyochoka. Joto la Garissa hupita nyuzi 35 mara nyingi, na dizeli ikipata moto huwa nyepesi, ikapenya kila penye uwazi. Pima injini ikiwa imepata moto, na ikiwezekana lori likiwa na mzigo na geji imefungwa mahali dereva anaweza kuisoma.

Usikubali namba ya kuambiwa. Kwa injekta pampu nyingi za mstari za zamani, presha ya kulisha huwa karibu na bar 1 hadi 2, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli.

FANYA: FUATA NJIA YA DIZELI

Pima kabla ya filta, kisha baada ya filta. Kabla iko juu na baada iko chini, filta imeziba. Zote mbili ziko chini, endelea.

Chomoa paipu inayotoka tankini, uifanye pampu ivute kutoka kwenye jerikeni safi yenye dizeli safi, karibu na injini. Presha ikipanda, pampu haina hatia: tatizo liko tankini au kwenye paipu. Ikibaki chini, nenda kwenye pampu ya kulisha na vali ya kurudisha. Ibane paipu ya mpira ya kurudisha kwa sekunde chache, injini ikinguruma polepole. Presha ikiruka juu, springi ya vali hiyo imelegea na dizeli inarudi tankini badala ya kubaki kazini. Isiporuka, fungua pampu ya kulisha. Mara nyingi utakuta uchafu umekalia vali zake ndogo.

Kagua upande wa kuvuta kwa makini kuliko kwingine. Paipu iliyopasuka baada ya pampu hudondosha dizeli na kila mtu huiona. Iliyopasuka kabla ya pampu haidondoshi kitu. Inavuta hewa. Weka kipande cha mpira unaopenya mwanga kabla ya pampu, utazame mapovu. Badilisha washa za shaba kila ukifungua bolti za paipu. Washa iliyokwisha kubanwa haizibi sawasawa mara ya pili.

Toa bomba la kuvutia lililo ndani ya tanki, uone chujio lake. Kisa hiki kimejirudia mno: lori linazimika, linapumzika dakika kumi, linawaka kama si lenyewe, linazimika tena. Mafundi wanabadilisha pampu, wanabadilisha nozo. Ndani ya tanki kuna kipande cha karatasi ya nailoni, kilichowekwa na mtu kuziba mdomo wa jerikeni, kikatumbukia. Pampu ikivuta kinaganda kwenye bomba. Injini ikizimwa kinaachia. Pesa za ng'ombe wawili zimeenda kwa sababu ya kipande cha nailoni.

USIFANYE: USIUTIBU UGONJWA KWA HILA

Usiivute wala kuiwekea washa springi ya vali ya kurudisha ili geji isome vizuri. Umeinyamazisha geji. Dizeli haijaongezeka.

Usiondoe filta "ili mafuta yapite." Injekta pampu imekatwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele, mchanga wa safari moja unaimaliza.

Usijaze filta mpya kwa dizeli ya jerikeni ambayo haijachujwa. Uchafu huo umeumwagia upande ulio safi. Tumia pampu ya mkono, ulegeze skrubu ya kutolea hewa, upige mpaka mapovu yaishe. Kisha ufunge kitufe cha pampu hiyo. Kitufe kilicholegea huvuta hewa, na fundi mvivu hurudi kutafuta kosa alilolifanya mwenyewe.

Usinunue dizeli kwa sababu ni rahisi. Udanganyifu wa kuchanganya mafuta ya taa ulienea hadi serikali ikayatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 ili kuuvunja. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi pampu. Mimina dizeli kwenye chupa safi, iache itulie: maji na uchafu hukaa chini. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo, kwa hiyo mjue anayekuuzia.

USIFANYE: USIJIUE

Hapa sibembelezi mtu.

Usipitishe mkono kwenye paipu za nozo kutafuta panapovuja. Dizeli hapo iko bar mia na zaidi. Inapenya ngozi, inaacha kitundu kidogo kisichouma sana, kisha nyama inaoza ndani. Pitisha kipande cha kadibodi. Ikikupenya, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa saa hiyohiyo, useme wazi ni dizeli ya presha. Watu wamekatwa vidole kwa kungoja asubuhi.

Usivute dizeli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni hakuna maziwa yanayoitoa.

Ukizibua paipu ya tanki kwa kompresa, usipulizie tanki lililofungwa, linapasuka. Chomoa paipu kwenye pampu, fungua kifuniko, ndipo upulize kurudi nyuma.

Usiendeshe na jerikeni imefungwa juu ya kabini. Ile ilikuwa ya kupimia, na kazi yake imeisha. Mpira ukichomoka juu ya eksozi yenye moto, abiria walioketi juu ya mzigo hawana pa kukimbilia. Ukiweka petroli humo, umeua.

Usiingie chini ya kabini iliyoinuliwa kabla ya kuona kwa macho yako kuwa nguzo yake imejifunga.

FANYA: JIANDAE KABLA YA BARABARA

Lori likisimama kwenye maji, kama yalivyokwama mengi barabara ya Madogo ilipokatika Novemba 2023 na tena wakati wa mafuriko ya 2024, fungua nati ya chini ya tanki umwage maji kabla ya kuwasha. Maji huingia kwa tundu lilelile la kupumulia.

Beba filta mbili, washa za shaba, mpira na klipu zake, na maji ya kunywa ya kuwatosha wote. Kukwama usiku kati ya Garissa na Dadaab au Liboi ni hatari ya roho, na filta iliyoziba si sababu ya mtu kulala pale.

Ukimaliza kutengeneza, lipande lori mwinuko likiwa na mzigo, geji ikiwa bado imefungwa. Kisha andika presha uliyoisoma, tarehe na kilomita kwa rangi ndani ya mlango wa dereva, ili fundi atakayelipokea Wajir ajue presha ilikuwa wapi lori lilipokuwa zima.