Somo Letu: Siri ya Mwenzako ni Dhamana



Kamati ya ustawi shambani au kiwandani hufanya kazi ya huduma ya jamii, ijapokuwa wanakamati hatukuisomea chuoni. Mwenzetu akipata shida humwendea mwanakamati jioni na kumwambia mambo ambayo hajamwambia hata ndugu yake. Maneno hayo tuyatumie vipi?

Sisi tulijifunza kwa kukosea. Katika shamba moja la chai huku Uganda, mama mmoja mchuma chai aliomba msaada wa mfuko wa kusaidiana. Alimweleza mwanakamati kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, na nauli ya kwenda kuchukua dawa imemshinda. Kikaoni wajumbe wakauliza: "Fedha hizi ni za nini?" Mwenzetu akaeleza yote. Hakuwa na nia mbaya; alitaka ombi lipite, na likapita. Lakini wiki haikuisha kabla habari haijafika kambini na kwa mnyapara. Yule mama hakuja kuchukua fedha. Na wengine wakaacha kutuletea shida zao.

Hapa haki mbili ziligongana. Fedha ni za wanachama wote, nao wana haki ya kujua matumizi yake. Siri nayo ni ya mwenyewe. Basi tukaamua hivi:

1. Kikao kitaambiwa "matibabu" na kiasi cha fedha tu. Watu wawili waliochaguliwa na wanachama watahakikisha ukweli, kwa ruhusa ya mwombaji.

2. Hatutatoa siri ya mtu mpaka mwenyewe akubali.

3. Hatutaahidi kunyamazia kila jambo. Mtoto akiumizwa, au maisha ya mtu yakiwa hatarini, lazima tutafute msaada. Tutamweleza mtu hivyo kabla hajaanza kusema.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Pendekezo Namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupimwa wala kutangaza hali yake. Lakini tutamdaije mwajiri atunze siri, ikiwa sisi wenyewe tunaimwaga?

Maswali ya kujadili tawini:

Daftari la mfuko wenu linawekwa wapi, na nani hulisoma?

Mwombaji akikataa siri yake itolewe, mtamsaidiaje?